Mafaili ya WAV, CD za Kuchoma na Deki za Nyumbani Kwetu

Mjomba wangu anayeishi Magomeni alikuwa na kawaida ya kurekodi muziki kutoka redioni katika miaka ya 1980, enzi ambazo Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa inarekodi bendi za dansi kwenye studio zake yenyewe na kuzirusha hewani, kwa hiyo mtu mwenye redio kaseti nzuri na kanda tupu aliweza kujikusanyia Mlimani Park, Juwata na Vijana Jazz bila kutoka nyumbani. Kaseti hizo, pamoja na chache za taarab zilizorekodiwa kwenye harusi za ukoo, ndizo nilizokabidhiwa nizihamishie kwenye kompyuta kabla utepe haujaharibika. Namna ya kuzihamisha inahitaji maelezo yake peke yake. Hapa nataka kueleza kazi iliyofuata, ambayo ilinifundisha mengi zaidi: ndugu waliosambaa Magomeni, Temeke, Kinondoni na Mbagala walitaka kuusikiliza muziki huo kwenye deki zilizokwisha kuwapo sebuleni mwao, na mimi nilitaka waupate ukiwa kamili, bila kubanwa. Nilichokuja kukielewa ni kwamba faili lile lile la WAV, yaani faili la sauti isiyobanwa, linaweza kuwekwa kwenye CD kwa namna zaidi ya moja, na namna itakayofaa huamuliwa na deki itakayoisoma, hata kama kompyuta iliyoichoma inaziona zote kuwa sawa.

Wapo walioniuliza kwa nini nisiweke kila kitu kwenye MP3 na kumaliza kazi. Kwa muziki uliorekodiwa studio siku hizi, MP3 iliyotengenezwa kwa kiwango kikubwa inatosha, na sina ugomvi nayo. Kaseti za zamani ni jambo jingine. MP3 hupunguza ukubwa wa faili kwa kuacha yale ambayo sikio linadhaniwa halitayatambua, na biti (vipande vidogo kabisa vya data) chache zinazobaki hugawanywa kwa sauti zilizomo. Ule mvumo wa utepe unaosikika nyuma ya kila rekodi ya kaseti hauna mpangilio wowote, hivyo unakula biti nyingi ambazo zingetumika kwa gitaa na sauti za waimbaji. Hali ni hiyo hiyo kwa makofi, matoazi na manyanga. Nilipoibana rekodi moja ya taarab kwa kilobiti 128 kwa sekunde, vigelegele vya akina mama, ambavyo kwenye kaseti vinachomoza kimoja kimoja na unaweza kukisia nani anapiga, viligeuka kuwa kama maji yanayobubujika mbali. Shangazi yangu alitambua tofauti hiyo bila kuambiwa kitu. Kwa rekodi ambazo hazipo mahali pengine popote, sikuwa tayari kumpa mtu nakala ya namna hiyo.

Sauti isiyobanwa ina hesabu rahisi, na inafaa kuijua kabla ya kununua CD tupu. Viwango vya CD ya muziki, iliyoingia sokoni mwaka 1982 kutokana na kazi ya pamoja ya Philips na Sony, ni sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde, kila sampuli ikiwa na biti 16, na njia mbili za sauti, ya kushoto na ya kulia. Ukizidisha, kisha ukagawa kwa nane kwa kuwa baiti moja ni biti nane, unapata baiti 176,400 kwa kila sekunde, yaani zaidi kidogo ya megabaiti 10 kwa dakika. WAV, iliyotolewa na Microsoft na IBM mwaka 1991, kwa kawaida huzihifadhi sampuli hizo hizo zilivyo, ikizitanguliza maelezo mafupi mwanzoni mwa faili yanayotaja idadi ya sampuli kwa sekunde, idadi ya biti na idadi ya njia.

Sasa, ukifungua programu ya kuchoma CD utakuta unaulizwa kama unataka CD ya data au CD ya muziki, na watu wengi hubonyeza lolote kwa sababu mafaili wanayoingiza ni yale yale. Matokeo yake ni vitu viwili tofauti kabisa. Kwenye CD ya muziki, sampuli huandikwa mfululizo bila jina la faili wala folda, na deki yoyote ya CD, hata ile ya zamani kabisa isiyojua lolote kuhusu kompyuta, itaipiga. Kwenye CD ya data, faili huhifadhiwa kama faili, likiwa na jina na mahali pake, na ni juu ya deki kulitafuta, kulifungua na kulielewa. Hata nafasi haitumiki sawa. Kila sekta ya CD, yaani kila kipande kimoja cha nafasi yake, ina baiti 2,352 za kuandikia. CD ya muziki huzitumia zote kwa sauti, ilhali CD ya data hutumia 2,048 tu, na zile 304 zinazobaki hupewa utambulisho wa sekta na urekebishaji wa makosa wa ziada, kwa kuwa baiti moja iliyopotea inaweza kuharibu waraka mzima lakini ndani ya muziki deki inaweza kuikisia na sikio lisigundue. Ndiyo maana CD tupu ya dakika 80 hubeba dakika 80 kamili za muziki ukiichoma kama CD ya muziki, na dakika zisizofika 70 ukiweka WAV hizo hizo kama data. Jambo hili huwashangaza wengi, na mimi naliona kuwa sababu tosha ya kutochoma WAV kama data kwenye CD ya kawaida pale ambapo mpokeaji hana haja ya kuyanakili mafaili yenyewe.

Deki ya mjomba ilikuwa ya kwanza kunionyesha tofauti hii kwa vitendo. Ilikuwa deki ya DVD yenye nembo ya MP3 mbele, na kila nilipoiwekea CD ya data yenye WAV, ilizunguka, ikafikiri, kisha ikaandika kwenye runinga kwamba hakuna faili. Majina ya folda yalionekana, lakini ndani yake palikuwa patupu. Mjomba alidhani lenzi imechoka, kwa hiyo tukaipeleka Kariakoo kwa fundi ninayemheshimu sana kwa utulivu wake. Aliifungua, akaipangusa lenzi, akaweka CD yake ya MP3 ikapiga wimbo mpaka mwisho, ndipo akaweka ya kwetu. "Kaka, mashine ni nzima," akaniambia. "Hizo WAV hazimo kwenye programu yake, hata ukibadilisha lenzi mara ngapi." Maelezo yake yalikuwa sahihi. Deki nyingi za bei ya kati huorodhesha tu mafaili ambayo jina lake linaishia na herufi zinazozifahamu, kwa kawaida MP3, WMA na picha za JPEG, na mengine huyaruka kana kwamba hayapo. Kwamba WAV ni nyepesi kuifungua kuliko MP3, kwa kuwa haina kilichobanwa cha kupanuliwa, hakusaidii chochote kama mtengenezaji hakuiweka kwenye orodha.

Tangu hapo sitoi nakala kwa mtu kabla ya kuijua deki yake, na njia ninayoitumia ni CD ya majaribio. Ninachukua kipande kimoja cha muziki cha nusu dakika, chenye gitaa na sauti ya mtu, na kukihifadhi kwa namna mbalimbali: WAV ya biti 16 na sampuli 44,100, nyingine ya sampuli 48,000, nyingine ya biti 24, nyingine ya biti 24 na sampuli 96,000, nyingine ya njia moja ya sauti, na mwishoni MP3 mbili. Majina ninayaweka mafupi, herufi zisizozidi nane, bila nafasi katikati, kwa sababu zipo deki zinazosoma majina ya mfumo wa zamani wa ISO 9660 peke yake na jina refu huzichanganya au hukatwa hadi mafaili mawili yakaonekana kuwa moja. Mwanzoni mwa kila kipande ninasema kwa sauti yangu ni cha aina gani. Mwenye deki huiweka, husikiliza, kisha hunipigia simu kunieleza alichosikia na alichokosa. Haimlazimu ajue lolote kuhusu biti. Shangazi wa Temeke alinisomea matokeo yake kwa mpangilio mzuri kuliko vijana, kwa sababu aliyaandika kwenye daftari.

Mambo yaliyojitokeza kwenye majaribio hayo yanafaa kuelezwa kwa kirefu kidogo. Deki ya shemeji yangu wa Kinondoni ilizitambua WAV zote, lakini ilikuwa inakwama kila baada ya muda mfupi kwenye zile za njia mbili, na zile za biti 24 zenye sampuli 96,000 hazikusikilizika kabisa. Kipande cha njia moja ya sauti, hata hivyo, kilipita bila tatizo. Nilipokaa na kalamu nikaona hesabu inaeleza jambo. CD ya data ikizunguka kwa kasi yake ya msingi hutoa baiti 153,600 kwa sekunde. WAV ya kawaida inahitaji 176,400, kwa hiyo deki isiyoongeza kasi itaishiwa na sauti hata kama CD ni safi kabisa. MP3 ya kilobiti 128 inahitaji baiti 16,000 tu, ndiyo maana deki iliyotengenezwa kwa kuwazia MP3 haina sababu ya kuharakisha. WAV ya njia moja inahitaji 88,200 na inatosha. Ile ya biti 24 na sampuli 96,000 inahitaji 576,000, karibu mara nne ya kasi ya msingi. Kwa hesabu hiyo nilichukua mafaili yale yale nikayachoma kwenye DVD tupu badala ya CD, kwa kuwa DVD hata kwa kasi yake ya msingi hutoa zaidi ya baiti milioni 1.3 kwa sekunde, na deki ya shemeji ikayapiga yote isipokuwa yale ya sampuli 96,000. Hapakuwa na kitu kingine kilichobadilika ila aina ya diski.

Faida nyingine ya DVD ni nafasi. Ile ya upande mmoja na tabaka moja ina baiti bilioni 4.7, zinazotosha saa saba na zaidi za WAV ya kawaida, yaani kaseti nne nzima za dakika 90 na nafasi ikabaki. Kwa shemeji, ambaye anapenda kuweka muziki Jumapili asubuhi na kuuacha uendelee hadi jioni, hilo lilimaliza kila kitu.

Mjomba yeye alikuwa na mahitaji yake. "Mpwa wangu," aliniambia, "mimi nikishaweka CD nataka nibonyeze kitufe kimoja nisikie muziki. Mambo ya kutafuta majina kwenye runinga siyawezi, macho yenyewe haya." Kwa mtu wa namna hiyo hakuna kinachoishinda CD ya muziki, na ndiyo niliyomchomea. Inapiga kwenye deki yake ile ile iliyokataa WAV, inapiga kwenye redio ya CD iliyoko chumbani, na sauti ni zile zile sampuli zilizokuwa ndani ya faili, mradi faili lilikuwa na biti 16 na sampuli 44,100. Kama nilirekodi kwa sampuli 48,000 au biti 24, ninapendelea kufanya ubadilishaji mwenyewe kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, kabla ya kuchoma kuliko kuiachia programu ya kuchoma iamue, kwa sababu Audacity huongeza kelele ndogo mno inayozuia mikwaruzo kwenye sehemu za sauti ya chini pale biti zinapopunguzwa, na programu ya kuchoma huwezi kujua kama inafanya hivyo. Kaseti ya dakika 60 inaingia CD moja vizuri. Ya dakika 90 haiingii, na badala ya kukata wimbo ninaipa CD mbili, upande A na upande B, jambo ambalo mjomba alilipenda kwa kuwa ndivyo alivyozizoea.

Kwa taarab ya harusini yapo maangalizo ya ziada. Muziki ule haukatiki. Wimbo ukiisha watu wanaendelea kutunza, mpiga kinanda anaingiza wimbo mwingine juu ya makofi yale yale. Ukichoma wimbo mmoja mmoja kwa njia inayozima miale ya kuandikia baada ya kila wimbo, unapata kimya cha sekunde mbili katikati ya shangwe, na kinaudhi. Chagua kuchoma CD nzima kwa mkupuo mmoja na uweke nafasi kati ya nyimbo kuwa sifuri. Kwenye CD ya data hakuna dawa ya uhakika, kwa sababu deki hulifunga faili moja kabla ya kulifungua jingine, na zipo ambazo humeza hata mwanzo wa faili linalofuata. Wakati wimbo unaanza na sauti ya mwimbaji peke yake, hasara hiyo ni kubwa.

Ipo pia njia ambayo wengi hawaifikirii, nayo ni kutengeneza DVD ya kawaida ya video ambayo sauti yake haikubanwa. Viwango vya DVD ya video vinailazimu kila deki kuweza kupiga sauti ya namna hiyo, kwa sampuli 48,000 au 96,000, hivyo deki isiyotambua WAV hata moja bado itaupiga muziki wenyewe. Inabidi uandae picha, na mimi huweka picha moja tuli ya kaseti husika yenye mwandiko wa mjomba, kila wimbo ukiwa sura yake. Tumia mfumo wa picha wa PAL unaotumika kwetu. Kazi ni ndefu, na sampuli 44,100 hazikubaliki humo, kwa hiyo ni bora uwe umerekodi kwa 48,000 tangu mwanzo. Shangazi, ambaye deki yake ilizikataa WAV zote, aliletewa DVD ya namna hii, na sasa hivi ndiyo nakala ninayoiona inapigwa mara nyingi kuliko nyingine zote katika ukoo.

Kuhusu diski zenyewe nitasema machache. Zile za kufutika na kuandikwa upya, CD-RW, huakisi mwanga kidogo sana zikilinganishwa na za kuandika mara moja, na deki za zamani huzishindwa. Kwa kazi hii usizitumie. Funga CD unapomaliza kuchoma, kwa sababu iliyoachwa wazi kwa ajili ya kuongezewa mafaili baadaye inaweza isisomeke nje ya kompyuta yako. Chagua kasi ya wastani, na uiruhusu programu ihakiki ilichoandika. Kama unachoma kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba, subiri umeme uwe umetulia, maana ukikatika katikati CD hiyo imekwisha.

Joto na unyevu wa Dar es Salaam si rafiki wa rangi inayobeba maandishi ndani ya CD za kuchoma. Diski ikiachwa juu ya dashibodi ya gari linaloegeshwa juani Posta mchana kutwa, usishangae ikianza kuruka. Lipo na jambo ambalo nimekuwa nikiwaonyesha ndugu kwa mkono, nikiiinua CD kuelekea dirishani: upande unaong'aa, ambao kila mtu anauhofia, una plastiki yenye unene wa zaidi ya milimita moja kabla ya kulifikia tabaka lenye muziki, ilhali upande wa juu, wanaouandika kwa kalamu ya wino ya kawaida na kuuweka kifudifudi mezani, una koti jembamba tu la vanishi. Mkwaruzo wa juu huondoa muziki moja kwa moja na hakuna fundi atakayeurudisha. Stika za karatasi nazo siziweki, kwani kwa unyevu wetu huinuka pembeni na diski inayumba inapozunguka. DVD ina nafuu, kwa sababu tabaka lake limo katikati ya vipande viwili vya plastiki.

Dukani utakutana na CD za muziki wa zamani zinazosemekana kuwa hazijabanwa. Uwezekano ni mkubwa kwamba mtu alichukua MP3, akaigeuza kuwa WAV, akaichoma. Faili linakuwa kubwa lakini kilichotupwa hakirudi. Ukiitazama rekodi hiyo kwenye mchoro wa masafa ndani ya Audacity, mara nyingi utaona sauti imekatwa wima karibu na hezi 16,000, kama ilikuwa MP3 ya kilobiti 128. Kuwa mwangalifu na kipimo hiki kwa rekodi za redioni, kwani matangazo yenyewe hayakufika juu sana. Tazama mvumo wa utepe, ambao kwenye kaseti halisi hufifia taratibu kuelekea juu na hauishii kwenye ukuta.

Kompyuta mpakato nyingi za sasa hazina tena mahali pa kuingizia CD, kwa hiyo ninatumia kichomeo cha nje cha USB, na WAV za asili ninazitunza kwenye diski ngumu mbili zilizo nyumba mbili tofauti, kwa kuwa CD na DVD nilizogawa ni za kusikilizia tu. Anayeomba nakala hupata kwanza ile CD ya majaribio. Majibu yake ninayaandika pembeni ya jina lake, pamoja na namba ya deki iliyobandikwa nyuma, ili siku akiomba kaseti nyingine nijue kama nimchomee CD ya muziki, DVD ya mafaili, au ile ya video yenye picha ya mwandiko wa mjomba.